Anza na Wembe Ulio Mkononi

Huna mtaji.

Hilo ndilo jibu lako kila ukiulizwa kwa nini ile karakana hujaifungua, kwa nini kile kikundi cha ngoma hujakiunda, kwa nini lile gazeti la mtaa bado liko kichwani mwako miaka nenda miaka rudi. Huna mtaji. Huna wa kukushika mkono. Benki hawakujui. Serikali haijali. Watu wa kwenu hawapendani. Umeyarudia maneno hayo mpaka sasa ulimi unayatoa wenyewe bila kukuuliza.

Ulitaka mambo yawe mepesi kiasi gani ndipo uanze?

Twende Durham. Ni mji wa jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani, mji uliokua kwa tumbaku. Twende mwaka 1898, maana nataka uione hali ngumu ilivyo hasa, kisha uiweke ya kwako kando yake.

Miaka miwili kabla ya hapo, Frederick Hoffman, mtaalamu wa takwimu wa kampuni kubwa ya bima ya Prudential, alikuwa amechapisha kitabu kizima cha kudai kwamba Wamarekani Weusi ni dhaifu kwa maumbile, kwamba wanaelekea kutoweka, na kwamba kuwakatia bima ni kutafuta hasara. Kitabu kilipata wasomaji. Mweusi akifa, mjane wake aliachiwa watoto na deni la jeneza. Novemba mwaka huo huo wa 1898, katika mji wa Wilmington, jimbo hilo hilo, Wazungu wenye silaha waliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa kwa kura, wakachoma ofisi ya gazeti la Weusi, wakaua watu, wakawafukuza wengine wasirudi tena. Mwaka 1900 jimbo likabadili katiba yake ili kumnyang'anya Mweusi kura.

Hiyo ndiyo hewa waliyoivuta.

Na katika hewa hiyo, Oktoba 1898, wanaume saba Weusi walikutana katika ofisi ya daktari mmoja mjini Durham, kila mmoja akatoa dola 50, wakaanzisha kampuni ya bima.

Bima! Biashara ile ile ambayo kitabu kilisema hawaistahili.

Wiki chache baadaye Wilmington ikawaka moto. Je, walisema tungoje siasa itulie? Je, walirudishiana zile dola hamsini hamsini? Aprili 1899 kampuni ya North Carolina Mutual ilifungua mlango.

Wewe umeahirisha mara ngapi kwa sababu ya mvua?

Sasa mtazame aliyekuwa mbele yao. John Merrick alizaliwa mtumwa mwaka 1859, katika mji wa Clinton. Shule aliipitia juu juu tu. Utotoni alifanya kazi kwenye tanuri la matofali. Alipokua kidogo akaenda Raleigh kubeba matofali na kujenga kuta, na Chuo cha Shaw, chuo cha Weusi, kilipitia mikononi mwake. Kazi ya ujenzi ilipokatika hakurudi kijijini kulala. Alichukua brashi akaenda kung'arisha viatu katika duka la kinyozi, na akiwa pale chini, miguuni pa wateja, akawa anaitazama mikono ya vinyozi hadi naye akajua kunyoa.

Mikono kwenye viatu, macho kwenye wembe.

Mwaka 1880 akahamia Durham. Akanunua sehemu ya duka alimokuwa ameajiriwa, baadaye akalichukua lote, akaongeza jingine na jingine, mengine ya wateja Weupe, mengine ya Weusi. Kwenye kiti chake walikaa matajiri wa tumbaku, akina Duke, na wembe wake ukapita shingoni mwao huku yeye akisikiliza habari za ardhi, riba na hisa. Hakungoja semina. Alinyoa, akasikiliza, akanunua viwanja, akajenga nyumba za kupangisha.

Inasimuliwa kwamba kilichomchosha kilikuwa kofia. Mtu akifiwa, ndugu zake walizungusha kofia madukani kuchangisha pesa za mazishi, na duka la Merrick halikurukwa hata siku moja. Alitoa. Kesho wakaja wengine, akatoa tena. Lakini rohoni lilibaki swali: hadi lini?

Swali hilo unalijua wewe. Unachangia msiba, unachangia harusi, unachangia matibabu, na kila juma simu inaingia ujumbe mwingine wa mchango. Uchovu ulio nao ndio ule ule aliokuwa nao Merrick. Yeye aliutengenezea kampuni.

Wewe umeutengenezea nini? Manung'uniko.

Usidhani milango ilifunguka yenyewe. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kukatisha tamaa. Wateja wachache, pesa haba. Ilipokuja fidia ya kwanza, dola 40 za mtu aliyekuwa amekwisha kulipia senti kadhaa tu, sanduku la kampuni halikutosha, na wenye kampuni wakaingiza mikono mifukoni mwao wakalipa. Walilipa yote, kwa wakati, kwa sababu walijua mtaa mzima unawatazama. Kufikia mwaka 1900, watano kati ya wale saba walikuwa wamejitoa.

Watano kati ya saba!

Wakabaki kinyozi na daktari. Daktari ni Aaron McDuffie Moore, Mweusi wa kwanza kufanya kazi ya udaktari mjini humo, mwenye ile ofisi waliyokutania. Wawili hao wakamtafuta mtu wa kuendesha kampuni kila siku, wakamchukua mpwa wa daktari, Charles Clinton Spaulding. Unataka kujua sifa zake? Kijana wa shamba. Aliosha vyombo, akabeba mizigo ya wageni hotelini, akahudumu mezani. Alimaliza sekondari akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya ishirini. Kisha akapewa duka la ushirika aliendeshe, likafa mikononi mwake, likamwachia deni la dola 300.

Huyo ndiye waliyemkabidhi kampuni.

Asubuhi Spaulding alifungua ofisi na kufagia sakafu. Akishafagia alivaa koti akawa wakala, akapita mitaani na vijijini kuwauzia bima watu ambao maisha yao yote karatasi ya mzungu iliwatapeli. Akirudi, akawa meneja. Mwaka 1923 akawa rais wa kampuni, na alipofariki mwaka 1952 alikuwa bado kwenye kiti hicho, akiongoza mojawapo ya biashara kubwa kabisa za Weusi popote duniani.

Duka lilikufa mikononi mwake. Deni lilimkaa shingoni. Na wewe? Ulianguka mara moja, mwaka ule, na tangu siku hiyo umekaa pale pale ulipoangukia ukiwaeleza wapita njia jinsi ulivyoumia. Unajiita mtu aliyejaribu. Nani alikwambia kujaribu ni mara moja?

Fagia.

Kama cheo chako cha leo ni kufagia ofisi yako mwenyewe isiyo na mteja, ifagie mpaka ing'ae, kisha vaa koti lako utoke ukamtafute huyo mteja.

Na zile pesa zilitoka wapi? Hapa sitapita haraka, kwa sababu hapa ndipo kisingizio chako kinapokosa pa kusimama. Zilitoka kwa maskini. Viwanda vya tumbaku vya Durham viliajiri Weusi kwa maelfu, wengi wao wanawake, waliokaa kwenye vumbi na joto kutwa nzima wakichomoa kwa vidole ule mshipa wa katikati ya jani la tumbaku. Ilikuwa kazi chafu na ya ujira mdogo, ndiyo maana waliachiwa wao. Wakala wa bima alipobisha hodi mwisho wa juma, mama huyo aliyerudi na vumbi puani alitoa senti tano, senti kumi, wakala akaandika kwenye daftari. Juma lililofuata, tena. Mwaka uliofuata, tena. Senti hizo zilisimamisha jengo la ghorofa sita katika Mtaa wa Parrish mwaka 1921, katikati ya Durham ya Wazungu.

Aliyewahi kucheza upatu ataelewa upesi. Nguvu haikai kwenye ukubwa wa pesa, inakaa kwenye kutokosa wiki. Lakini upatu ukishazunguka umekwisha, kila mtu na chungu chake. Hawa wa Durham walikwenda hatua moja mbele: waliiacha pesa ikae pamoja, ikopeshwe, izae, ikopeshwe tena.

Wewe na wenzako mmeshika pesa ngapi kwa pamoja miaka hii yote? Hebu zijumlishe kimya kimya. Ziko wapi leo? Zimejenga nini ambacho mtoto wa jirani anaweza kukigusa?

Wao walijenga mfululizo, jambo moja likizaa jingine. Tayari mwaka 1901 kulikuwa na Hospitali ya Lincoln. Inasimuliwa kwamba akina Duke walitaka kusimamisha sanamu ya kuwashukuru watumwa waliowatumikia mabwana wa Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na akina Moore na Merrick wakawageuza nia: kama ni shukrani, tupeni hospitali. Unaona jinsi ya kuzungumza na mwenye pesa? Hawakugombana naye, hawakumpigia magoti. Walikuwa tayari na jambo la kumwonyesha. Wewe ukikutana na mwenye pesa kesho asubuhi, una karatasi gani ya kumpa? Au utaanza kumsimulia shida?

Mwaka 1908 benki yao ya Mechanics and Farmers ikaanza kazi katika Mtaa huo huo wa Parrish. Rais wake wa kwanza, Richard Fitzgerald, alikuwa mfyatuaji wa matofali aliyetajirika kwa udongo. Mwaka 1910 James Shepard, mfamasia, mmoja wa wale watano waliojitoa kwenye bima, akafungua chuo. Huyu aliondoka, ndiyo, lakini hakuondoka akalale. Alikwenda kujenga cha kwake, na leo ni Chuo Kikuu cha North Carolina Central. Mwaka 1913 Dk. Moore, akiwa na wagonjwa wake, bima yake na hospitali yake, bado aliona Weusi hawana mahali pa kuazima kitabu, akaanzisha maktaba katika chumba cha chini cha kanisa lake la White Rock Baptist. Mwaka 1927 Louis Austin akanunua gazeti la Carolina Times kwa mkopo wa benki ile ile, na kwa miongo kadhaa gazeti hilo likauchoma ubaguzi bila kuomba radhi.

Ifuate senti uone ilikopita. Imetoka kiganjani mwa mama wa kiwanda cha tumbaku, ikaingia bima. Walioongoza bima ndio walioongoza benki. Benki ikamkopesha mwandishi. Mwandishi akaamka asubuhi akaandika kumtetea yule mama.

Hiyo ndiyo jamii iliyopangika. Wewe unataka kung'aa peke yako.

Ndiyo, wewe. Unaficha wazo lako wasiliibe. Humwambii jirani umesajili biashara, utadhani umefanya kosa. Unanunua kwa mgeni kwa sababu duka la wa kwenu lilikuudhi siku moja, halafu unalalamika kwamba wa kwenu hawainuki. Watainukaje?

Sifa za Durham zikafika mbali. Booker T. Washington na W.E.B. Du Bois, viongozi wawili wakubwa wa Weusi wa zama hizo, walikuwa hawapatani karibu katika kila jambo, huyu akihimiza ufundi na subira, yule akidai elimu ya juu na haki zote sasa hivi. Washington alizuru mji huo mwaka 1910 akaandika kuusifu. Du Bois naye akaandika kuusifu mwaka 1912. Ukiona mahasimu wanasifu kazi moja, jua kazi hiyo inaonekana kwa macho.

Sitakuchorea pepo. Ubaguzi ulibaki pale pale. Viongozi wa Mtaa wa Parrish walikwenda kwa tahadhari, na vijana waliokuja baadaye waliwalaumu kwa kuinama mno mbele ya matajiri Weupe. Ghorofa sita hazikumponya mama wa tumbaku kikohozi chake. Yote hayo ni kweli, na yote hayo hayabadili jambo moja: alipokufa, watoto wake walilipwa.

Labda wewe si mtu wa biashara. Wewe ni msanii, na umejifunza kusema sanaa hailipi, nchi hii haithamini wasanii, ningezaliwa kwingine ningekuwa mbali.

Msikie Ernie Barnes. Alizaliwa Durham mwaka 1938, baba yake akifanya kazi katika kampuni ya tumbaku. Mama yake alitunza nyumba ya wakili mmoja, na mtoto alipofuatana naye alifunuliwa vitabu vya picha vya mwenye nyumba. Alikuwa mtoto mnene, mwenye haya, wenzake wakimtania, akikimbilia penseli yake. Baadaye akajijenga mwili akawa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani katika chuo kile kile cha Shepard. Mwaka 1956, akiwa mwanafunzi, wakapelekwa kutembelea makumbusho ya sanaa ya jimbo mjini Raleigh. Akauliza picha za wachoraji Weusi ziko wapi. Akajibiwa kwamba watu wako hawana kawaida ya kujieleza kwa njia hiyo.

Ungejibiwa hivyo wewe, ungefanya nini? Ungeisimulia chuki hiyo hadi uzeeni?

Barnes alichora. Alicheza futiboli ya kulipwa na akachora katikati yake, hata akatozwa faini kwa kuchora kwenye mikutano ya timu. Mwaka 1979 makumbusho ile ile ya Raleigh iliandaa maonyesho ya kazi zake. Na ile picha yake iitwayo The Sugar Shack, ya watu wanaocheza dansi hadi viungo vinarefuka, ilitokana na ukumbi wa Durham alimopenya utotoni, mahali asipostahili kuwa. Mwaka 2022, yeye akiwa ameshafariki, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 15.

Hakuchora Paris. Alichora jasho la mtaa wake. Mtaa wako una dansi gani ambayo hakuna aliyewahi kuichora, kuiimba wala kuiandika? Unangoja mgeni aje na kamera?

Chuck Davis, mzaliwa wa Raleigh, alisafiri Afrika kujifunza ngoma kwa wenyewe, mwaka 1977 akaanzisha tamasha la DanceAfrica huko Brooklyn, New York, kisha akarudi kwao North Carolina akaunda kikundi cha ngoma mjini Durham, akawafundisha hata watoto wa shule. Pauli Murray, aliyelelewa Durham katika nyumba iliyojengwa na babu yake, ndugu wa yule mfyatuaji wa matofali, alinyimwa nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1938 kwa sababu ya rangi. Akasoma sheria Chuo Kikuu cha Howard akatoka wa kwanza darasani. Akanyimwa Harvard kwa sababu ni mwanamke. Akaendelea kuandika hoja za kisheria ambazo wengine walizitumia kuvunja ubaguzi. Mlango ulifungwa mara mbili, naye hakuacha kubisha.

Wewe barua moja haikujibiwa, ukavunja kalamu.

Sasa nikupeleke mahali panapouma. Weusi wa Durham walikuwa na mtaa wao, Hayti, uliopewa jina kwa heshima ya Haiti, nchi ya watumwa waliojikomboa kwa mikono yao. Palikuwa na hoteli ya Biltmore, sinema ya Regal, maduka ya dawa, vinyozi, mafundi cherehani, migahawa, makanisa. Mwanamuziki aliyefika mjini alijua pa kulala na pa kupiga gitaa. Kisha, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, ukaja mpango wa serikali wa kuufanya mji upya. Ahadi zilikuwa tamu: nyumba bora, maduka mapya. Hata viongozi wengi Weusi waliuunga mkono. Matingatinga yakaingia. Zaidi ya kaya 4,000 zikahamishwa na biashara 500 hivi zikaondoshwa, na barabara kuu ya magari ikapasua katikati ya Hayti. Maduka mengi hayakurudi tena. Sehemu kubwa ya ahadi haikutimizwa.

Huzunika. Ni haki yako kuhuzunika, na mimi sijawahi kusoma habari hizo bila kukasirika.

Kisha inua kichwa.

Kanisa la zamani la St. Joseph's, lililojengwa mwaka 1891, lilinusurika. Waliobaki wangeweza kuliacha liwe kaburi la mtaa. Walilifanya nyumba ya utamaduni, Hayti Heritage Center, ambako leo kuna filamu, muziki, mashairi na ngoma, na juu ya mnara wake imesimama alama ya kiroho ya Haiti. Hospitali ya Lincoln ilifungwa mwaka 1976, lakini kituo cha afya chenye jina hilo hilo kinawatibu watu wasio na uwezo hadi sasa. Chuo kinafundisha. Benki ya Mechanics and Farmers imevuka Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930 na misukosuko yote iliyofuata, na bado inapokea wateja. Kamati ya kisiasa ya Weusi iliyoundwa mwaka 1935 bado inasikilizwa kila uchaguzi unapokaribia.

Na North Carolina Mutual yenyewe? Mwaka 2022 mahakama iliamuru ifilisiwe.

Umeshtuka? Vizuri. Ungependa nikufiche? Kampuni iliyoishi zaidi ya miaka 120, iliyowashinda Hoffman, Wilmington na Mdororo Mkuu, imekufa katika zama zetu. Naona unavyoinua kidole kusema: basi ya nini kujenga, kama mwisho wake ni huo? Shusha hicho kidole. Hesabu watoto waliosomeshwa kwa fidia zake. Hesabu makarani waliojifunza kazi humo wakatoka wakafungua za kwao. Hesabu nyumba zilizonunuliwa kwa mikopo ya benki dada yake. Vizazi vinne viliishi chini ya kivuli cha zile dola 50.

Na sasa kiti kiko wazi. Nani atakaa?

Usinitazame mimi. Nakuuliza wewe.

Nakuuliza wewe uliyefika North Carolina kutoka Kivu kwa njia ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, unayezungumza Kiswahili jikoni na kufanya kazi ya zamu usiku kiwandani. Unatembea juu ya ardhi hii hii ya Merrick. Una Wakongo wenzako, una Waburundi, una Wanyarwanda, mnajazana kanisani kila Jumapili, mnakula chakula kilichopikwa na mama mmoja ambaye kila mtu anasema angefungua mgahawa. Basi kwa nini hajafungua? Mmekaa naye chini mkapiga hesabu ya jiko, leseni na kodi ya pango? Au mnamsifu tu mnakwenda zenu?

Nakuuliza wewe uliye kwingine kokote, mwenye cherehani, mwenye sauti, mwenye pikipiki, mwenye jembe, mwenye mkono wa kusuka nywele. Merrick alikuwa na wembe. Moore alikuwa na dawa. Fitzgerald alikuwa na udongo. Hakuna hata mmoja wao aliyeanza na kitu ambacho wewe huwezi kukigusa leo jioni.

Usiniambie umri. Spaulding alikuwa bado anatafuta cheti cha sekondari wakati wenzake wanalea watoto.

Usiniambie elimu. Kinyozi alifundishwa wembe na macho yake.

Usiniambie wenzio wamekukimbia. Watano walikimbia kati ya saba.

Kuna nguvu ndani yako imelala, na umeizoea ilale. Unaisikia usiku, unapohesabu mambo ambayo ungeyafanya. Asubuhi unaifunika tena. Miaka inapita juu yake. Rafiki yako aliyeanza na kidogo kuliko chako sasa ana wafanyakazi, na wewe bado una mpango mzuri sana, mzuri kuliko wa kwake, uliopangika, usio na mteja hata mmoja.

Inatosha!

Chukua karatasi sasa hivi. Andika majina sita, kwa sababu pamoja na wewe mtakuwa saba. Usiandike majina makubwa. Andika watu wanaokuja wanapoahidi kuja: fundi mmoja, muuguzi mmoja, mwalimu, mama muuza chakula, kijana anayejua hesabu, yule mzee ambaye mtaa mzima unamwamini kushika fedha. Wapigie kabla hujala. Waambie Jumamosi saa kumi alasiri, nyumbani kwako, kila mmoja aje na kiasi ambacho akikikosa hatalala njaa. Jambo liwe moja tu, lenye jina, lenye tarehe ya kuanza. Watakaokataa, waache kwa amani, usiwapigie tena wiki hii. Watakaokuja wanne, anzeni wanne.

Na akija mmoja tu, mkaribishe, fungueni daftari, andikeni tarehe, jina lako, jina lake, na kiasi mlichoweka mezani. Wiki ijayo, siku ile ile, saa ile ile, andikeni tena.